Mama Kevina, yatima aliyekosa karo ya chuo

Pita Kakamega Jumamosi yoyote, kuanzia Lurambi hadi Khayega, na hutakosa hema za matanga. Magari yamefunga njia, spika zinanguruma, wanasiasa wanagombania maiki, na mjane ameketi mbele kwenye kiti cha plastiki, kila anayesimama akimwahidi kitu. Jumatatu hema zinang'olewa. Sufuria za kukodi zinarudi kwa mwenyewe. Mjane anabaki na watoto, deni la mochari, na shemeji ambaye ameanza kupimapima shamba kwa macho.

Naandika hivi kwa sababu nilikuwa mmoja wa hao watoto. Baba alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Harambee ya mazishi ilijaa hadi pesa zikabaki za soda. Ya karo haikufika hata nusu, na chuo nikakiacha. Msinihurumie, nimeshazoea. Ila nilipoanza kusoma maisha ya mtawa mmoja ambaye bibi zetu walimjua kama Mama Kevina, kuna mahali nilikwama nikasoma mara mbili: naye alikosa karo.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa Aprili 28, 1875, karibu na Arklow, kaunti ya Wicklow huko Ireland. Baba yake, mkulima, alikuwa amekufa kwa ajali miezi mitatu kabla ya yeye kuzaliwa. Mama akaolewa tena, akazaa watoto wengine watatu, kisha naye akafa Teresa akiwa na miaka kumi. Akachukuliwa na nyanya yake, mama wa mama. Hapo Mluhya yeyote anatikisa kichwa, maana kwetu pia kukhu ndiye hospitali, benki na shule ya watoto walioachwa. Teresa alipofika miaka 17, nyanya naye akaaga.

Akaenda kwa masista wa Mercy mjini Rathdrum kujifunza ualimu. Pesa ya mafunzo kamili hakuwa nayo, kwa hivyo akaishia kuwa mwalimu msaidizi wa ngazi ya chini. Mwaka mmoja baadaye alikuwa Essex, Uingereza, akifundisha shule ya masista wengine. Mwaka 1895 akaingia utawa kwa Wafransisko wa Mill Hill, London, na 1898 akaitwa Sista Mary Kevin. Alijitolea kwenda Marekani kuhudumia Wamarekani weusi, akasubiri miaka mitatu. Barua ilipokuja ikasema Afrika.

Desemba 3, 1902, waliondoka London wakiwa sita. Januari 15, 1903, walikuwa Nsambya, Kampala.

Na usidhani hii ni hadithi ya Uganda peke yake. Hadi 1902, sehemu hii yetu yote ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ndipo Waingereza wakahamisha mpaka. Mapadre wa Mill Hill, ambao askofu wao Henry Hanlon ndiye aliyewaita masista hao, ndio walioanzisha pia misheni za Mumias na Mukumu. Njia ya kwenda Kampala wakati huo ilikuwa treni kutoka Mombasa hadi Kisumu, ambako reli ilifika Desemba 1901, halafu meli ya kuvuka ziwa. Kwa hivyo huyu ni mtu wa jirani.

Kuna siasa pia ndani yake, tusidanganyane. Buganda, Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamepigana 1892, na watu walizoea kuwaita Wakatoliki Wafaransa na Waprotestanti Waingereza. Mill Hill waliletwa kuonyesha kwamba Mkatoliki anaweza pia kutoka Uingereza. Masista walifika katikati ya mambo hayo.

Kliniki yake ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe, karibu na nyumba ya masista. Ndui ilikuwa inaua, malaria inaua, na ng'ambo ya Busoga na visiwani ugonjwa wa malale ulikuwa unafagia vijiji vizima. Mwaka 1906 kazi ikafika Nagalama. Mwaka 1910 mkubwa wao alirudi kwao akiwa mgonjwa, na Kevin akachukua uongozi. Mwaka 1913 ikawa zamu ya Kamuli, Busoga. Kila kituo kilikuwa na shule na mahali pa kutibu watu, na watoto waliobaki bila wazazi walipewa makao.

Sasa hapa ndipo ninapompendea. Angeweza kuishia hapo: jenga nyumba ya mayatima, jaza vitanda, piga picha, andika barua Ulaya kuomba blanketi zaidi. Mpaka leo tunaona sana mtindo huo, simu juu, unga wa kilo mbili mkononi, mtoto analazimishwa kutabasamu. Kevin aliangalia wale watoto akauliza wanatoka wapi. Wengi mama zao walikuwa wamefia uzazini. Basi ukitaka kupunguza mayatima anza na mama, na ukimtaka mama awe hai lazima kuwe na mkunga.

Shida ikawa Kanisa lenyewe. Sheria za wakati huo hazikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga, na Roma haikuilegeza hadi 1936. Mtu mwingine angesema amri ni amri, arudi kusali rozari. Yeye alishirikiana na daktari mlei, Evelyn Connolly, ambaye hakufungwa na sheria hiyo, na katika miaka ya 1920 wakaanzisha Nsambya shule ya kufundisha wasichana Waafrika uuguzi na ukunga. Msichana wa kijijini akitoka pale alikuwa na kazi mikononi. Mume akifa kesho, ndugu wagawane ng'ombe wanavyotaka, ile kazi hawawezi kugawana. Mama yangu anauza mboga Amalemba tangu tulipomzika baba, na kila nikimwona akifunga kibanda usiku nafikiria hilo.

Kabla ya hapo kulikuwa na vita. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki, Waingereza walikusanya wapagazi kwa nguvu, na wengi walitolewa huku kwetu magharibi. Ndio Carrier Corps, jina ambalo midomo yetu ililigeuza likawa Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Hesabu za serikali yenyewe zinapita 40,000 waliokufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Hebu piga hesabu ya wajane. Nsambya iligeuzwa kuwa hospitali ya wapagazi hao, na Kevin alikasirishwa sana na namna Wazungu wenzake walivyowatendea. Desemba 1918 serikali hiyo hiyo ikampa nishani ya MBE kwa kuwahudumia majeruhi. Sijui kama aliona kichekesho kilichokuwa hapo. Mimi nimekiona.

Mwaka 1923 alifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hospitali zote. Alianzisha shirika la masista Waafrika, Little Sisters of St Francis, akianza na wasichana wanane tu. Makao yao yakawa Nkokonjeru. Kumbuka ni 1923: Mwafrika kuongoza chochote mbele ya Mzungu ilikuwa kama matusi. Na hata nyumbani, msichana kukataa kuolewa, mahari isije, ilikuwa kesi ya ukoo mzima. Wale wanane wakawa walimu na wauguzi, wengine wakafuata, na leo masista wa shirika hilo wanafanya kazi hadi huku Kenya. Kanisani tunapenda kuutaja waraka wa Yakobo, sura ya kwanza, pale kwenye yatima na wajane, kisha sadaka inapitishwa na tunaenda kula. Yeye aliwaandaa watu wa kuendelea na kazi akiwa hayupo.

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa mtu wa zama zake, aliingia na bendera ya wakoloni ikipepea juu, na kuna maswali kuhusu misheni ambayo hayafutwi na hospitali. Lakini ukitaka kumpima, angalia alichowaachia wengine wakiendeshe.

Mwaka 1952 masista wake walitengana na Mill Hill wakawa shirika lao wenyewe, yeye akiwa mkuu wa kwanza. Alistaafu 1955 akiwa na miaka 80, na kustaafu kwake kulikuwa kwenda Boston kutafuta pesa za kazi ya Afrika. Alifia huko, Brighton, Massachusetts, Oktoba 17, 1957.

Mwili ulisafirishwa hadi Ireland, ukazikwa Mount Oliver, Dundalk, kwenye nyumba ya masista wake. Ingekuwa mwisho, lakini Wakatoliki wa Uganda walikataa. Walitaka mtu wao. Huku kwetu tunaelewa vizuri vita vya mwili: mtu azikwe wapi, nani ana haki naye, nani ni ukoo wake hasa. Ireland walikuwa na haki zote za damu. Bado alifukuliwa, akarudishwa kwa ndege, na Desemba 3, 1957, miaka 55 kamili tangu siku alipoondoka London, akazikwa Nkokonjeru, kwenye makaburi ya masista aliowaanza wakiwa wanane.

Kwa Kiganda jina lake limekuwa neno la kawaida. Kevina ni hospitali, au nyumba yoyote ya kuhudumia wasiojiweza.