Maisha ya John Harrison, Seremala Aliyetengeneza Saa ya Bahari

Kila mwanafunzi aliyesoma jiografia amekwisha chora mistari ya longitudo juu ya ramani, na pengine amechapwa kwa maneno na mwalimu kwa kuikosea. Lakini si wengi wanaojua kwamba zamani mistari hiyo iliwashinda manahodha hodari kabisa, na kwamba aliyewaondolea taabu hiyo alikuwa seremala wa kijijini. Tena fedha zake zilimchelewesha kuliko kazi yenyewe. Habari zake zinafaa kusimuliwa.

Kwanza tukumbuke hesabu. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa, au digrii moja kila dakika 4. Kampala iko karibu digrii 32 na nusu mashariki ya Greenwich. Basi jua likifika katikati ya mbingu yetu, saa sita mchana kwa jua, huko Greenwich kwa jua lao ni saa tatu na dakika 50 hivi asubuhi. Nahodha akizijua saa hizo mbili kwa pamoja, ya mahali alipo na ya nyumbani kwao, anajua amekwenda umbali gani mashariki au magharibi. Saa ya mahali alipo huipata kwa kutazama jua. Lakini saa ya nyumbani aipate wapi? Saa za siku zile hazikustahimili bahari. Merikebu ikiyumba zilisimama. Joto na baridi vilizifanya zikimbie au zichelewe. Mafuta yake yaliganda.

Mwaka 1707 merikebu nne za kivita za Uingereza, zilizokuwa chini ya Admirali Cloudesley Shovell, zilipiga miamba ya visiwa vya Scilly wakati wa usiku. Zaidi ya mabaharia 1,000 walikufa maji, na admirali mwenyewe pamoja nao. Mwaka 1714, katika utawala wa Malkia Anne, Bunge likapitisha sheria. Atakayepata njia ya kujua longitudo baharini bila kukosea zaidi ya nusu digrii, baada ya safari ya kutoka Uingereza mpaka visiwa vya West Indies, apewe pauni 20,000. Atakayekosea zaidi kidogo apewe 15,000 au 10,000. Likawekwa Baraza la Longitudo la kupima kazi za watu. Ndani yake walikuwamo maadmirali, wabunge na wataalamu wa nyota. Kipimo kilikuwa wazi, ila sheria iliongeza kwamba njia hiyo lazima ionekane kuwa inafaa kutumika baharini. Maneno hayo machache ndiyo yaliyoleta fitina baadaye.

John Harrison alizaliwa mwaka 1693 huko Foulby, katika Yorkshire. Baba yake alikuwa seremala, na John akaifuata kazi hiyo hiyo katika kijiji cha Barrow, karibu na mto Humber. Hakusoma chuo kikuu. Mwaka 1713, akiwa kijana wa miaka 20 tu, alitengeneza saa ambayo karibu magurudumu yake yote yalikuwa ya mti. Baadaye alitengeneza nyingine isiyohitaji mafuta kabisa, maana alichagua mti mgumu wenye mafuta yake ndani. Alitambua pia kwamba shaba na feleji hazirefuki sawasawa wakati wa joto, akaziunganisha katika ufito unaobembea ndani ya saa, hata moja ikasahihisha kosa la nyingine.

Karibu mwaka 1730 alikwenda London akiwa na michoro yake. Mtaalamu wa nyota Edmond Halley alimpokea vizuri, akamtuma kwa fundi mashuhuri wa saa, George Graham. Graham alimkopesha fedha bila kumdai faida. Hapo tuangalie jambo moja: sheria ilikuwa imekwisha fikisha miaka 16, lakini aliyemsaidia Harrison kuanza kazi alikuwa fundi mwenzake.

Saa ya kwanza ya bahari ilikamilika mwaka 1735, nayo ilikuwa na uzito wa ratili 75 hivi. Mwaka 1736 ilipelekwa Lisbon. Katika kurudi, wenye merikebu walidhani nchi waliyoiona ni ncha ya Start. Harrison akashikilia kwamba ni Lizard, maili 60 hivi kutoka hapo. Akawa yeye ndiye mkweli. Baraza lilipokutana mwaka 1737, angaliweza kuomba safari ya West Indies palepale. Hakufanya hivyo. Alizitaja kasoro za saa yake mwenyewe, akaomba fedha za kutengeneza nyingine bora. Wakakubali kumpa pauni 500.

Saa ya pili ilimalizika mwaka 1739, lakini yeye hakuridhika nayo. Ya tatu ilimchukua miaka 19. Na katika muda huo aligundua kwamba njia aliyokuwa akiifuata haikuwa njema kuliko zote. Saa ndogo ya mfukoni, aliyotengenezewa na fundi mmoja mwaka 1753 kwa mpango wake, ilikwenda vizuri kuliko alivyotazamia. Basi mtu huyu, aliyekuwa amekwisha pita umri wa miaka 60, akaanza upya. Mwaka 1759 saa ya nne ilikuwa tayari: upana wake inchi 5 tu, uzito wake ratili 3 hivi.

Mwanawe William akaichukua mpaka Jamaica, akaondoka mwaka 1761. Baada ya siku 81 saa ilikuwa imekosea kwa sekunde 5 hivi. Kwa hesabu ya sheria angaliweza kukosea dakika 2 nzima. Je, walimlipa? Hawakumlipa. Baraza lilisema pengine ni bahati, tena longitudo ya Jamaica yenyewe haikujulikana vema. Mwaka 1764 William akasafiri tena, mpaka Barbados. Saa ilikosea kwa sekunde 39, yaani maili zisizozidi 10, nayo sheria iliruhusu maili 30.

Huko Barbados aliyetumwa kupima alikuwa Nevil Maskelyne, mtaalamu wa nyota aliyekuwa akiitetea njia nyingine, ya kupima umbali kati ya mwezi na nyota. Mwaka 1765 akafanywa Mtaalamu Mkuu wa Nyota wa Mfalme, akaingia katika Baraza. Mwaka huo Bunge likapitisha sheria mpya: Harrison atalipwa nusu tu, pauni 10,000, akiieleza saa yake wazi na kuzitoa saa zake zote, nusu ya pili atapata saa nyingine za namna ile zikitengenezwa. Mzee akakubali kwa uchungu. Wachukuzi walipokuja kuzibeba zile saa kubwa, wakaiangusha ya kwanza. Kisha Maskelyne akaijaribu saa ya nne Greenwich, akatoa taarifa kwamba haitegemeki.

Tusimhukumu Maskelyne kwa upande mmoja. Kitabu chake cha hesabu za mwezi, kilichoanza na mwaka 1767, kiliwaongoza mabaharia kwa miaka mingi, na bei yake haikuwa kubwa. Fundi Larcum Kendall alipotengeneza saa ya kufuata ile ya Harrison, ilimgharimu Baraza pauni 500. Kuuliza kama merikebu zote zitaweza kununua chombo cha namna hiyo ni swali la haki. Lisilo haki ni kubadili kipimo baada ya mtu kukifikia, na kumfanya mshindani wake kuwa hakimu.

Harrison alikuwa na miaka 79 alipomwendea Mfalme George wa Tatu. Mfalme mwenyewe aliijaribu saa yake ya tano mwaka 1772, akaona inakwenda barabara, akawa upande wake. Mwaka 1773 Bunge likampa pauni 8,750. Zilikuwa fedha za hisani ya Bunge. Zawadi yenyewe Baraza halikumpa mtu yeyote hata lilipovunjwa mwaka 1828. Hata hivyo, ukijumlisha alizopewa kidogo kidogo tangu mwaka 1737, jumla yapita pauni 20,000. Mwaka 1775 Kapteni James Cook alirudi kutoka safari yake ya pili akiwa na ile saa ya Kendall, akaisifu sana. Harrison akafa tarehe 24 Machi 1776. Saa zake zinaonyeshwa Greenwich, na zile tatu kubwa bado zinakwenda.

Sisi tulio madarasani tujifunze kwake kutaja kasoro zetu kabla wengine hawajazitaja, na kutoona haya kuanza upya. Nanyi ndugu zetu mliokwisha ondoka shuleni, ambao wengine wenu mmekaa katika mabaraza ya kugawa fedha za Serikali, mna funzo lenu pia. Fedha ikitolewa mwishoni tu, fundi maskini atakula nini katikati? Na ikitolewa bila kipimo, nani atajua kama kazi imefanyika? Serikali ile ilifanya vizuri kuweka zawadi na kipimo, hata seremala asiye na cheo akaweza kusimama mbele ya mabwana wakubwa. Ilikosea ilipoacha kushika neno lake. Ahadi ni deni, na deni hili lilimkuta mwenyewe amekwisha kuwa mzee.