Mkwawa: Fuvu lililochukua miaka 56 kurudi Kalenga

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa barabara kuu ya kusini-magharibi hufika Makambako na kukuta njia panda. Barabara moja huendelea Mbeya. Nyingine hukata kushoto, ikapita Njombe na kushuka hadi Songea.

Wakazi wa Makambako na Njombe, ambao eneo lao lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, wanaishi katikati ya habari mbili zinazofanana. Upande wa Iringa kuna habari ya kichwa cha Mtwa Mkwawa wa Wahehe, kilichokatwa na Wajerumani mwaka 1898. Upande wa Songea kuna habari ya kichwa cha Nduna Songea Mbano wa Wangoni, aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji. Cha kwanza kilirejeshwa nchini mwaka 1954. Cha pili kilikuwa bado kinatafutwa mwaka 2023.

Mkwawa, ambaye jina lake refu ni Mkwavinyika, alizaliwa Luhota, Iringa, takribani mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeziunganisha koo za Wahehe kuwa dola moja yenye nguvu, iliyopigana na majirani zake Wasangu, Wabena na Wangoni.

Munyigumba alipofariki mwaka 1879, kulizuka ugomvi wa kurithi kiti. Mwambambe, aliyekuwa mkwe katika nyumba ya mtawala, alitwaa madaraka na Mkwawa akalazimika kukimbia. Aliporudi na jeshi lake, pande hizo mbili zilikutana mahali ambapo baadaye paliitwa Lundamatwe, yaani palipolundikana vichwa. Mwambambe alishindwa na Mkwawa akawa mtwa asiye na mpinzani.

Katika miaka iliyofuata alijenga ngome ya ukuta wa mawe huko Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, akadhibiti njia za misafara ya biashara kati ya pwani na bara. Hapo ndipo alipogongana na Wajerumani, waliokuwa wakieneza utawala wao kutoka pwani.

Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Kijerumani kikiongozwa na Emil von Zelewski kilikuwa kikipita Lugalo, mashariki ya Iringa. Wahehe walikuwa wamejificha vichakani. Ishara ilipotolewa, walikivamia kwa mikuki na kukisambaratisha katika muda mfupi. Zelewski aliuawa pamoja na Wajerumani wengine tisa na askari wengi wa Kiafrika. Wahehe waliondoka na nyara kubwa, bunduki zipatazo 300 na mizinga mitatu.

Nyara hizo hazikumnufaisha sana Mkwawa, kwa kuwa watu wake hawakuwa wamefundishwa kuitumia mizinga. Kwa Wajerumani, hata hivyo, Lugalo ilikuwa fedheha ambayo hawakuisahau. Tarehe 30 Oktoba 1894, Gavana Friedrich von Schele aliishambulia Kalenga kwa mizinga na kuiteka. Mkwawa alitoroka.

Kwa karibu miaka minne alipigana vita vya msituni. Mwaka 1896, Tom von Prince alijenga kituo cha kijeshi cha Iringa. Wajerumani walimtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, ili watu wamwache mtwa wao. Haikuchukua muda wakamshuku kuwa anamsaidia ndugu yake kwa siri, nao wakamnyonga mwaka 1897. Hatimaye walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Wakati huo mashamba yalikuwa yamechomwa na njaa imeingia, lakini Wahehe walio wengi waliendelea kumficha.

Tarehe 19 Julai 1898, doria iliyoongozwa na sajini Merkl, ikielekezwa na kijana aliyekuwa amekamatwa, ilimfikia huko Mlambalasi. Mkwawa alikuwa mgonjwa na amebaki na watumishi wachache mno. Wajerumani walimkuta amekwisha kufa. Alikuwa amejipiga risasi kichwani ili asikamatwe hai.

Merkl aliamuru kichwa kikatwe na kupelekwa kambini Iringa kama ushahidi. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi. Kichwa kikawa nyara ya vita, na baadaye kikaaminika kupelekwa Ujerumani.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Horace Byatt, aliyesimamia utawala wa Waingereza katika koloni hilo, alipendekeza fuvu hilo lidaiwe. Hivyo likaingizwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Wajerumani walidai hawalijui liliko, na miezi sita ikawa zaidi ya miaka thelathini.

Gavana Edward Twining alilifufua suala hilo. Mwaka 1953 alifika katika jumba la makumbusho la Bremen, lililokuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Twining alichagua yale ambayo vipimo vyake, hasa uwiano wa upana na urefu, vilikaribiana na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai. Miongoni mwa hayo, moja tu lilikuwa na tundu la risasi.

Tarehe 19 Juni 1954, mbele ya umati uliokusanyika Kalenga, Twining alimkabidhi fuvu hilo Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa mtwa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Liliwekwa katika jumba la makumbusho la Kalenga.

Je, ni lenyewe? Wanahistoria kadhaa wameuliza swali hilo, na si bila sababu. Vijana wa Tanganyika waliopelekwa Burma katika Vita vya Pili walipigana na maofisa wa Kijapani waliobeba panga, na mwaka 1945 panga nyingi zilichukuliwa kuwa nyara. Anayetaka kujua asili ya upanga wa aina hiyo huuvua mpini na kusoma jina la mhunzi lililochongwa kwenye chuma. Panga za kiwandani zilipigwa hata namba. Fuvu halina jina wala namba ya kuzaliwa nayo, na vipimo vya mwaka 1953 vingeweza kulingana na vya watu wengi. Tundu la risasi nalo si la Mkwawa peke yake, kwa kuwa vita vile viliua maelfu.

Aidha, Twining hakuwa mtu asiye na haja yake. Jirani Kenya, Vita vya Mau Mau vilikuwa vimepamba moto, na utawala wa Waingereza ulihitaji urafiki wa Wahehe.

Pamoja na hayo, Wahehe walilipokea fuvu hilo kama la mtwa wao. Kwao, jambo lililotimia Kalenga lilikuwa kurudishiwa heshima iliyoporwa.

Elimu ya leo inaweza kutoa jibu lililo thabiti zaidi. Mwaka 2023, watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu matatu na jamaa walio hai Tanzania. Moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Moshi. La Mangi Meli mwenyewe halikupatikana.

Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha mjini Songea mbele ya wajukuu wa Songea Mbano, na akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la babu yao.

Ukoo wa Mkwawa ulipokea fuvu kwa imani. Ukoo wa Songea una haki ya kupokea lake kwa imani na kwa uthibitisho pia, ili siku litakapopita Makambako na Njombe kuelekea nyumbani, asiwepo wa kuuliza tena kama ni lenyewe.