Mwana Kupona na Hesabu ya Wasia Wake

Jina la Mwana Kupona binti Msham si geni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Hata hivyo, wengi wetu humkumbuka kwa mawaidha yake tu, tukasahau hesabu iliyoyabeba mawaidha hayo.

Mwana Kupona alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Pate. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyeshindana kwa miaka mingi na enzi ya Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka wa 1856. Miaka miwili baadaye, yaani 1275 Hijria, mjane huyo akiwa mgonjwa alimtungia wasia binti yake, Mwana Hashima, msichana wa miaka 17 hivi. Alimtaka asogee karibu na wino na karatasi, kisha akamfunza kuwa mja huhitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Radhi hii ya tano ingali inazua mjadala miongoni mwa wahakiki.

Utendi huo una beti 102. Kila ubeti una vipande 4 vya mizani 8, hivyo jumla ni vipande 408 na mizani 3,264. Vipande 306 hubeba vina vinavyobadilika kila ubeti. 102 vilivyosalia hubeba kina cha bahari. Aidha, 3,264 ni 51 mara 64, na 1275 ni 51 mara 25. Isitoshe, ukijumlisha namba zote kuanzia 1 hadi 50, utapata 1275 kamili.

Hatudai kwamba mtunzi alikusudia sadfa hizi za namba. Mizani minane, lakini, aliikusudia. Kipande kikipungua silabi moja, sikio la msikilizaji hutambua. Kina cha bahari kikikosekana, pengo hujulikana. Kwa mama aliyehofia kuwa hangeishi kumlea bintiye, hesabu hiyo ilikuwa kufuli ya maneno yake.

Mwana Kupona aliaga dunia karibu mwaka wa 1860. Wasia ulibaki vifuani na katika miswada ya hati za Kiarabu, na mwaka wa 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha. Basi tunapohesabu mizani darasani, tusidhani ni zoezi kavu: ndivyo sauti ya mama huyu ilivyotufikia.