Paul Ehrlich: Msee wa Rangi Aliyeshtukia Vile Sumu ya Bakteria Hushika Seli Zako

Bakteria ya dondakoo ni noma kwa njia ya ajabu. Haihitaji kufika kwa moyo wako ndio ikumalize. Inakaa tu hapo kooni, inatoa sumu, damu inaibeba. Sasa jiulize: mbona sumu hiyo ikamate seli za mnyama mmoja na iache za mwingine?

Aliyekesha na hilo swali ni Paul Ehrlich, Mjerumani Myahudi aliyezaliwa 1854 kule Strehlen, mji ambao leo uko Poland. Huyu jamaa alipenda rangi za kupaka nguo kupita kiasi. Alizimwagia tishu, akaona kila rangi inachagua cha kushika. Vidole vilijaa madoa, mdomoni siga haikosi, na akipata wazo anachora hadi kwa mikono ya shati. TB ilimpata, akaenda Misri kupona, akarudi Berlin kwa maabara ya Robert Koch.

Hapo ndio drama ikaanza. Mwenzake Emil von Behring alikuwa na seramu ya dondakoo, lakini nguvu yake haikutabirika. Ehrlich akatafuta njia ya kuiongeza makali na kuipima. 1894 seramu ikaingia sokoni, watoto wakapona. Behring akaomoka, na 1901 akabeba Nobel ya kwanza ya tiba. Ehrlich alihisi amechezwa, na ubeste ukapoa kabisa.

Lakini kazi ya kupima ilimwachia kitu. Aligundua sumu iliyokaa sana inapoteza makali lakini bado inashikana na seramu. Buda, fikiria hapo. Inamaanisha sumu ina sehemu mbili: moja ya kushika, nyingine ya kuua. Hiyo iliyobaki bila makali akaiita toksoidi.

1897 akatoa nadharia yake: seli ina vishikio vya kupokelea chakula, na sumu inaponea hapo hapo, kama ufunguo kwa kufuli. Baadaye akaviita risepta. Wengi walimcheka na michoro yake. Halafu 1898 Wassermann na Takaki wakachanganya sumu ya pepopunda na ubongo uliopondwa, na sumu ikaisha nguvu. Ilikuwa imeshikwa!

Si kila kitu alipatia. Alidhani kingamwili ni vishikio ambavyo seli yoyote iliyoshambuliwa huzidisha na kumwaga kwa damu, kumbe kuna seli maalum za hiyo kazi. Hata hivyo Nobel yake ilifika 1908, akaigawana na Mechnikov.

Na wewe toksoidi unayo. Ile sindano ya paja ukiwa mtoto, ya dondakoo na pepopunda, ndiyo hiyo: mkono wa kushika upo, makali yametolewa.

Ehrlich alifariki 1915. Risepta yenyewe ya dondakoo ilikuja kutambuliwa 1992. Panya naye? Yake ina umbo tofauti kidogo, kwa hivyo sumu ikifika inateleza tu.