Kadhi Abu Yusuf na Wafungwa wa Baghdad



Mwaka huu tumependa kuwaelezeni habari za Yaakub bin Ibrahim Al-Ansari, maarufu Abu Yusuf. Sisi wa Pwani ni watu wa madhehebu ya Imam Shafii, kwa hiyo jina lake hatulisikii sana, na hiyo ni hasara yetu.

Alizaliwa Kufa, Iraq, mwaka 113 Hijria (731). Kwao kulikuwa na dhiki. Imepokewa kwamba aliacha darsa akatafute riziki, na Imam Abu Hanifa alipomkosa akamuulizia, kisha akawa anampa dirham za matumizi ili arudi kusoma. (Wazazi mnaotaka kuwaachisha watoto chuo, njooni tuzungumze kwanza.)

Abu Hanifa alifariki Baghdad mwaka 150 Hijria. Wapokezi wengi wanasema alifia gerezani, alikotiwa na Khalifa Al-Mansur kwa kukataa ukadhi. Mwanafunzi wake aliukubali, na zama za Harun Rashid akawa wa kwanza kuitwa Kadhi wa Makadhi. Wapo wanaomlaumu. Sisi tunaona kuwa lau asingekuwa karibu na Khalifa, maneno yake juu ya wafungwa yasingefika popote.

Harun alimtaka amwandikie juu ya kodi za dola, ndipo akaandika Kitabu cha Kharaj, na ndani yake akaingiza habari za magereza. Wakati ule wafungwa masikini walikuwa wakitolewa na minyororo yao kwenda kuomba sadaka njiani ili wapate kula. Abu Yusuf alitaka jambo hilo likome. Hoja yake ilikuwa kwamba hata mateka mshirikina hulishwa mpaka hukumu yake ijulikane, basi vipi Muislamu aliyekosea aachwe afe njaa?

Akapendekeza kila mmoja wao apewe dirham 10 kwa mwezi. Apewe fedha, si mikate, kwa kuwa mikate huishia kwa walinzi. Mtu mwema aandike majina yao, awaite mmoja mmoja na kuwapa mkononi. Wapewe nguo za baridi na za joto, na wanawake wapewe na ushungi. Akamkumbusha Khalifa kuwa Umar bin Abdul-Aziz alikwisha kukataza mfungwa kufungwa kwa namna ya kumzuia kusimama kuswali.

Tusimfanye asivyokuwa. Adhabu za sheria alitaka zitekelezwe bila ya kulegea. Lakini alikataa mtu kufungwa kwa tuhuma tupu, au kupigwa mpaka akiri, na kesi za waliomo gerezani alitaka ziangaliwe kila siku, asiyekuwa na kesi aachiliwe.

Mtaani kwetu mtu akifungwa, jina lake halitajwi tena, na watoto wake hunyooshewa vidole hata na wenzao wa chuo. Tumeliona kwa macho yetu. Abu Yusuf aliwafikiria mpaka waliokufa. Alipata habari kuwa maiti wa mfungwa asiye na ndugu huachwa siku moja au mbili, mpaka wafungwa wenzake wachange sadaka za kuwalipa wachukuzi, kisha akazikwa bila ya kuoshwa, bila ya sanda, bila ya kuswaliwa. Akaandika kuwa sanda na maziko yake vitoke Baitul Mali.

Alifariki mwaka 182 Hijria (798), Baghdad, mji ule ule alikofia mwalimu wake.