Lily Parr, Mwanamke Mcheza Mpira

Lily Parr alizaliwa mwaka 1905 katika mji wa St Helens, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha vioo. Lily alicheza mpira na kaka zake, akajifunza kupiga shuti kali kwa mguu wa kushoto.

Katika Vita Kuu ya Kwanza wanaume wengi walikwenda vitani. Wanawake walishika kazi zao viwandani. Katika mji wa Preston kilikuwapo kiwanda cha Dick, Kerr, ambacho kilitengeneza silaha. Mwaka 1917 wanawake wa kiwanda hicho waliunda timu ya mpira. Watazamaji walilipa kiingilio, na fedha zilisaidia askari waliojeruhiwa.

Lily alijiunga na timu hiyo mwaka 1920. Alikuwa bado msichana mdogo. Alipata kazi kiwandani, na kwa kila mechi alilipwa shilingi 10 za Kiingereza. Alicheza upande wa kushoto. Mpira wa siku zile ulikuwa wa ngozi nzito. Mvua ikinyesha, uliloa ukawa kama jiwe. Hata hivyo Lily aliupiga ukavuka uwanja mzima.

Tarehe 26 Desemba 1920 timu yake ilicheza Liverpool, katika uwanja wa Goodison Park. Watu 53,000 waliingia. Maelfu wengine walibaki nje, maana nafasi ilikwisha.

Basi mwaka 1921 Chama cha Mpira cha Uingereza kilitoa amri. Wanawake wasicheze tena katika viwanja vya klabu zake. Chama kilisema mchezo huo hauwafai wanawake, na kwamba fedha nyingi mno zilitumika kwa gharama. Lakini wanawake hao hao walikuwa wamefanya kazi nzito kiwandani wakati wa vita, na taifa liliihitaji kazi yao.

Mwaka 1922 timu ilivuka bahari kwenda Kanada. Huko nako walikatazwa kucheza. Wakaenda Marekani, wakapambana na timu za wanaume katika mechi 9. Walishinda 3, wakatoka sare 3, wakafungwa 3. Si haba!

Lily hakuacha mpira. Alisomea uuguzi, akawa muuguzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Preston. Akitoka zamu, alicheza katika viwanja vya kawaida, mbele ya watu wachache. Aliendelea hivyo mpaka mwaka 1951, alipokuwa na umri wa miaka 46.

Amri ile ilidumu karibu miaka 50. Ilipofutwa, Lily alikuwa amepita miaka 60. Alifariki mwaka 1978 kwa ugonjwa wa saratani.

Mwaka 2002 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya wachezaji wa Uingereza, akiwa mwanamke wa kwanza. Mwaka 2019 sanamu yake ilisimamishwa katika jumba la makumbusho ya mpira mjini Manchester.