Elizabeth Packard: Aliitwa kichaa, akabadilisha sheria

Mtaani kwetu mtu akibisha sana utasikia eti huyu kichaa, tunacheka, yanaisha. Leo nawaletea mama ambaye neno hilo lilimfungia miaka mitatu.

Elizabeth Packard alizaliwa mwaka 1816 Massachusetts, Marekani. Mwaka 1839 akaolewa na mchungaji Theophilus Packard, wakazaa watoto sita, na baadaye wakahamia Manteno, jimbo la Illinois. Balaa lilianza mama alipopinga waziwazi mafundisho ya dini ya mumewe. Mzee akaamua kuwa mkewe kaharibikiwa akili.

Sasa sikieni sheria ya Illinois ya mwaka 1851. Kwa watu wengine, ushahidi ulitakiwa kwanza. Lakini mke? Mume akitaka, na mganga mkuu wa hospitali akikubali, basi, imetoka hiyo! Juni 18, 1860 mama wa watu akabebwa mzobemzobe, akapandishwa treni hadi hospitali ya Jacksonville. Huko akakuta wake wengine wazima kama yeye, akawa anaandika kwa siri.

Alitolewa mwaka 1863. Kumbe nyumbani nako jela: mume akamfungia chumbani na madirisha akayapiga misumari. Mama akapenyeza barua nje, rafiki yake akaifikisha kwa jaji, jaji akaamuru mume amlete mahakamani. Januari 1864, mjini Kankakee, jopo la wanaume 12 lilitumia dakika saba tu kusema ni mzima.

Ameshinda, si ndiyo? Alipofika nyumbani alikuta mume keshaondoka na watoto wadogo na vyombo vyote. Sheria ilimruhusu, maana mali na watoto vilihesabiwa vya mume.

Hakukaa kulia. Aliandika vitabu, akaviuza mwenyewe, akawafuata wabunge. Mwaka 1867 Illinois ikapitisha sheria kwamba hakuna wa kufungiwa bila kusikilizwa mbele ya jopo. Mwaka 1869 akawapata watoto wake. Mwaka 1872 jimbo la Iowa likalinda haki ya wagonjwa kuandika barua. Alifariki Chicago mwaka 1897. Mwaka 2023 hospitali moja ya Illinois iliyokuwa na jina la Andrew McFarland, mganga mkuu aliyemshikilia kule Jacksonville, ikapewa jina la mama huyu.

Tusidanganyane lakini: ugonjwa wa akili upo, na kuna wakati mtu inabidi alazwe hata kama hataki. Madaktari wa enzi zile walilalamika kwamba kesi ya hadharani inamwanika mgonjwa kama mwizi. Hapo mimi naona walikuwa na hoja. Ila kuamua kimyakimya, watu wawili tu, na mwenyewe hana pa kusemea, ndiko kulikomponza Elizabeth.

Hebu jiulize: watu wa nyumbani kwako wakisema leo kwamba umechanganyikiwa, nani angeibeba barua yako? Tupeni maoni hapo chini.